Kurekodi Lugha Iliyobaki kwa Wazee Wachache: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kuna rekodi moja ambayo nimeshaletewa na watu wengi, na kila mmoja anadhani ni yake peke yake. Mzee anazungumza kwa saa mbili, simu iko mezani karibu na birika, jogoo anawika, upepo unapiga, mtu anakohoa. Mzee anasema nini? Aliyerekodi hajui. Mjukuu aliyekuwapo anaokota maneno mawili matatu. Mzee mwenyewe sasa hasikii vizuri, au ameshatutoka. Kisha linakuja swali: "Sasa hili faili nilifanye nini?"

Mambo yakishafika hapo, yanayowezekana ni machache mno. Dakika kumi ambazo mzee mwenyewe amezifafanua sentensi kwa sentensi zinashinda saa kumi zilizolala kwenye simu. Kwa hiyo mwongozo huu haukufundishi kurekodi mengi. Unakufundisha kurekodi kidogo na kukimaliza, yaani kila ulichonasa kitafsiriwe mzee angali mbele yako.

Mfano nitakaoutumia ni Kiyaaku, au Yaakunte, lugha ya Kikushi ya msitu wa Mukogodo huko Laikipia, kaskazini ya Mlima Kenya. Wayaaku walikuwa warina asali na wawindaji. Katika miaka ya 1920 na 1930 waliingia kwenye ufugaji na kuanza kuzungumza Kimaasai. Leo wanaoikumbuka lugha yao ya zamani ni wazee wa kuhesabu kwa vidole. Hatua ni zile zile kwa Kingasa cha Rombo, Kilimanjaro, kwa Kidahalo cha pwani ya Kenya, au kwa lugha ya bibi yako ambayo hakuna mtoto anayeijua.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Kinasa sauti kinachotoa faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa. Simu nzuri inafaa, mradi uweke programu ya kurekodi WAV. Usitumie MP3, na usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu hubana sauti na kukata konsonanti nyembamba ambazo ndizo unazozitafuta. Weka 48 kHz na biti 24. Saa moja ya stereo itakula takriban GB 1.
- Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, pamoja na kofia yake ya sponji au manyoya ya kuzuia upepo. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki. Kamera isubiri.
- Hedifoni. Asiyesikiliza anachorekodi hajui anachorekodi.
- Kifaa cha pili cha kurekodi, hata simu ya kuazima. Hatua ya 6 haiendi bila hicho.
- Kadi za memori mbili, pawabenki, betri za ziada. Usitegemee kupata umeme karibu na boma unalokwenda.
- Kauntabuku na penseli. Wino hukimbia ukinyeshewa.
- Vitu vyenyewe vya kuulizia: kibuyu, sega la asali, majani ya miti, mifupa, kamba. Vitazaa maneno mengi kuliko orodha.
- Mkalimani wa lugha ya kati. Mukogodo, mzee atakufafanulia kwa Kimaasai, si kwa Kiswahili. Tafuta mtu wa hapo anayezimudu lugha zote mbili, na umlipe.
- Sukari na majani ya chai. Hakuna anayeingia boma la mzee mikono mitupu.
- Vibali. Kwa utafiti wa chuo au wa shirika, Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Tanzania ni kibali cha COSTECH, tume kama hiyo ya huko. Hata ukiwa mwenyeji, pitia kwa chifu au mwenyekiti wa kijiji kwanza. Mgeni anayemfanya mzee aongee kwenye kifaa huzua maneno haraka, hasa mahali penye mgogoro wa ardhi.

## Hatua ya 1: Jua nani anaizungumza kweli

Ukiuliza "Nani anajua Kiyaaku?" utaletewa watu wa aina tatu: anayeweza kuzungumza, anayeelewa lakini hajibu, na anayekumbuka salamu, nyimbo na majina ya wanyama. Wote wana faida, ila kazi ya kila mmoja ni tofauti.

Usiwapime kwa maneno. Mtu anaweza kukumbuka majina mia ya vitu na asiweze kuunga sentensi. Mwombe akusimulie alichofanya tangu alipoamka asubuhi. Jambo hilo halikaririki. Atakayekwenda dakika mbili bila kurudi kwenye Kimaasai ndiye mzungumzaji wako wa maongezi. Wengine utawafuata kwa nyimbo, majina ya miti na majina ya mahali.

Kisha tafuta wawili wanaoelewana. Mzee aliyekaa miaka mingi bila mtu wa kuongea naye, lugha humkwama mdomoni. Akikaa na rika lake hufunguka, na mara nyingine hukumbuka mambo ambayo asubuhi aliapa ameyasahau.

Tahadhari: usimtangaze mtu kuwa "mzungumzaji wa mwisho". Mara nyingi si kweli, na wazee wengine wakisikia hujitoa kwa hasira au kwa aibu. Salamu nazo zifuate mila za pale. Kwa Wamaasai, mdogo huinamisha kichwa ili mzee amguse, halafu ndipo maongezi huanza.

Umefaulu ukiwa na wazee wawili waliokubali kuketi pamoja, na unajua nani ana nini.

## Hatua ya 2: Omba ridhaa, na uirekodi

Karatasi ya kutia dole gumba haimwambii kitu mzee asiyesoma. Zungumza naye kwa lugha ya kati, mbele ya mtu wa familia yake, na mjibu mambo manne kabla hajakuuliza: sauti yake itasikilizwa na nani, itatunzwa wapi, kuna pesa au hakuna, na akibadili nia afanyeje. Baada ya hapo washa kinasa, rudia kwa kifupi, na majibu yake yabaki kwenye sauti.

Weka madaraja matatu ya usikilizaji: ya kila mtu, ya ukoo tu, na yasiyotoka kabisa. Kuna nyimbo za jando, viapo na dawa ambazo hazikupaswa kusikiwa na kila sikio. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, lakini hata kusingekuwa na sheria, ukivujisha jambo la ndani hutaingia boma hilo tena.

Kuhusu malipo, mlipe mzee kwa muda wake kama unavyomlipa fundi kwa siku, na kiwango kiwe kimoja kwa wote. Usilipe kwa neno. Ukilipa kwa neno utapata maneno mengi, na baadhi yake yatakuwa yamezaliwa asubuhi hiyo hiyo.

Umefaulu ukiona mzee amekukatalia jambo moja. Aliyekubali kila kitu huenda hakuelewa, au amekuogopa.

## Hatua ya 3: Tengeneza ukimya

Chagua mahali kabla ya kuchagua maswali. Nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji hutoa mwangwi. Nyumba ya udongo au chini ya mti wenye majani mengi ni bora. Epuka saa ambazo mbuzi wanatoka na kurudi. Zima redio. Weka simu zote kwenye hali ya ndege, ukianza na yako.

Bana maikrofoni kwenye shuka au kola, shubiri moja chini ya kidevu. Angalia shanga: mama mwenye mikufu ya shanga akitikisa kichwa, maikrofoni itanasa shanga badala ya maneno. Mwombe kwa adabu aivue, au bana maikrofoni juu yake, karibu na shingo.

Rekodi dakika moja ya mazungumzo ya kawaida, simamisha, vaa hedifoni, sikiliza. Kipimo cha sauti kicheze karibu na -12 dB. Kikigonga 0 sauti imepasuka, na hakuna programu ya kuirudisha.

Kama mzee amepoteza meno ya mbele, ongeza video ya uso wake. Sauti nyingi za ulimi na meno zitakuwa zimebadilika, na midomo itakusaidia baadaye kujua alikusudia nini.

Umefaulu kama unasikia silabi ya mwisho ya kila neno. Hizo ndizo hupotea kwanza, na katika lugha nyingi ndizo zinazobeba umoja, wingi na nyakati.

## Hatua ya 4: Anza na maneno, lakini uliza kwa akili

Hapa ndipo wengi huharibu bila kujua, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Wanaisimu wana orodha maarufu ya Swadesh, yenye maneno mia hadi mia mbili na kidogo ya msingi: mwili, ukoo, maji, moto, kula, kufa. Itumie kama kumbukumbu yako, usiisome kama karani wa sensa. Ina "theluji" na "barafu", ambayo ukiwauliza Wangasa chini ya Kilimanjaro utapata jibu zuri, ila Laikipia utampotezea mzee muda.

Anza na vitu vinavyoshikika. Mpe mzee kitu mkononi, ataje, kisha ataje vikiwa vingi. Uliza wingi wa kila jina. Katika lugha za Kikushi wingi una maumbo mengi, na ukijua wa jina moja hutajua wa jingine.

Kila neno lisemwe mara tatu mfululizo. Tunapotaja orodha sauti hupanda mwanzoni na kushuka mwishoni, kwa hiyo la kati ndilo huwa karibu zaidi na matamshi ya kawaida. Baada ya hapo mwombe aliweke kwenye sentensi fupi.

Mitego yenyewe ni hii.

Kidole. Unaonyesha mti, mzee anataja. Ametaja mti, jani, kivuli, au amesema "ule pale"? Shika kitu. Kama hakishikiki, uliza maswali mawili tofauti ambayo jibu lake ni neno hilo hilo.

Kiswahili chenyewe. Ukisema "mkono", humaanisha kuanzia bega hadi vidole. Lugha nyingine hutenganisha kiganja na mkono wa juu. "Mguu" vivyo hivyo. Gusa sehemu moja moja kwenye mwili wako na andika mpaka wa kila neno unapoishia.

Kugeuka kwa nafsi. Unauliza: "'Ninakuona' mnasemaje?" Mzee anajibu kama anayeongea nawe, na huenda amekupa "unaniona". Daftari zima la vitenzi linaweza kupinduka hivyo. Anza na nafsi ya tatu: mtoto analia, mbuzi wamekunywa. Ukifika kwa "mimi" na "wewe", mpe tukio: "Mwanao amejificha nyuma ya mti na wewe unamwona. Mwambie."

Kumtilia maneno mdomoni. Mtafiti Mjerumani Bernd Heine alichapisha maelezo ya Kiyaaku katika miaka ya 1970, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ukimsomea mzee neno kutoka humo na kumuuliza "Si ndivyo mnavyosema?", atakubali kwa adabu tu. Kitabu kibaki mkobani mpaka mzee amalize. Kesho ndipo ulinganishe.

Neno la jirani. Mzee atakupa neno la Kimaasai akiamini ni la Kiyaaku. Usikunje uso, usimsahihishe. Liandike, weka alama ndogo pembeni, endelea. Lile la zamani huja lenyewe mkifika kwenye mada zinazolihitaji.

Na mada hizo kwa Wayaaku zinajulikana. Watafiti waliona kwamba hata Kimaasai kinachozungumzwa Mukogodo kimebaki na maneno ya Kiyaaku, hasa ya nyuki na ya msitu, kwa sababu lugha ya wafugaji haikuwa na haja ya kuwa na majina ya vitu hivyo vyote. Kwa hiyo usiulize "asali" ukaondoka. Uliza mzinga mtupu na mzinga wenye nyuki. Uliza sega lenye asali, sega lenye majana, sega lililokauka. Uliza nta. Uliza nyuki wanaouma na wale wadogo wasiouma. Uliza kitu kinachotoa moshi wa kuwafukuzia, kamba ya kupandia, chombo cha kubebea asali, na ndege anayewaongoza warina asali hadi kwenye mti. Kisha vitenzi: kuchonga mzinga, kuutundika, kuupulizia moshi, kurina, kulamba. Mzee aliyekwambia "nimesahau yote" utamwona ameinuka kukuonyesha mrinaji anavyokaa juu ya tawi.

Tahadhari: usizidishe dakika arobaini kwa mkao. Mzee akichoka hatakwambia. Ataanza kukupa majibu mafupi mafupi ili uende.

Umefaulu ukiwa na maneno hamsini ya siku, kila moja na wingi wake, sentensi yake, na alama pale penye shaka. Hamsini safi yanatosha.

## Hatua ya 5: Waache wazee waongee wao kwa wao

Maneno peke yake ni kamusi ya vipande. Sarufi inaishi kwenye maongezi.

Usianze na "Tusimulie historia yenu". Historia hiyo ameshawasimulia wageni mara nyingi kwa Kimaasai, na mdomo wake utaifuata njia hiyo hiyo. Omba jambo la utaratibu: mzinga hutengenezwaje kuanzia kuchagua gogo hadi nyuki kuingia? Utaratibu una mwanzo na mwisho, una vitenzi vingi, na hurahisisha tafsiri kwa sababu unajua kinachofuata. Ikiwezekana nendeni kwenye gogo lenyewe.

Mada nyingine nzuri Mukogodo ni mahari. Zamani Wayaaku waliposa kwa mizinga ya nyuki. Ufugaji ulipoingia, mahari ikawa mifugo. Waweke wazee wawili, mmoja awe baba wa binti na mwingine mshenga, wajadiliane kwa Kiyaaku. Utapata maswali, kukataa, kubembeleza, hesabu na mzaha, mambo ambayo hakuna orodha itakayokupa.

Kila mada iwe ya dakika tatu hadi tano. Zaidi ya hapo hutamaliza kuitafsiri siku hiyo.

Wakati wanaongea, wewe nyamaza. "Ehee" na "ndiyo mzee" zako zitalala juu ya maneno yake. Itikia kwa kichwa na kwa macho. Lakini kwa wengi wetu hadithi haiendi bila mwitikiaji, na msimuliaji asiyeitikiwa hukatisha, kwa hiyo kazi hiyo mpe yule mzee wa pili, aitikie kwa lugha ile ile.

Mzee akiteleza kuingia Kimaasai, usisimamishe kinasa. Mwenzake atamrudisha. Asipomrudisha, subiri amalize kisha uombe kipande hicho tu kirudiwe.

Umefaulu ukisikia wakicheka na wewe hujaelewa kwa nini.

## Hatua ya 6: Tafsiri siku hiyo hiyo

Ukiruka hatua hii, ndilo lile faili la saa mbili. Unukuzi na tafsiri ni kazi nzito: dakika moja ya maongezi inaweza kula saa nzima, pengine zaidi. Ndiyo sababu tulirekodi dakika tano.

Pumzikeni, mnywe chai, kisha mfanye hivi:

1. Kifaa cha kwanza kina rekodi ya asili. Washa kifaa cha pili na ukiache kirekodi kila kitakachosemwa kuanzia hapo.
2. Cheza kipande kimoja, kiasi cha pumzi moja. Simamisha.
3. Mzee arudie kipande hicho polepole, neno baada ya neno, kama anayemsemesha mtoto.
4. Mzee aeleze maana kwa Kimaasai.
5. Mkalimani aseme kwa Kiswahili.
6. Cheza kipande kinachofuata.

Faida yake ni kwamba hata usipopata muda wa kuandika mwaka huu, kila sentensi tayari ina marudio ya polepole na maana yake kwenye sauti. Mtu mwingine ataweza kuiandika bila wewe.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, mzee akirudia polepole huwa anarekebisha: anaongeza neno alilolimeza au anaondoa kigugumizi. Usichague toleo moja; yote mawili ni lugha. La pili ni mkalimani. Mkalimani mwerevu huongeza anachokijua. Mzee amesema maneno matatu, yeye anakupa aya nzima. Mzoeze swali hili bila kumkosea heshima: "Amesema hivyo, au wewe ndiye unajua hivyo?" Vyote viwili vinafaa, ila viandikwe tofauti.

Usidai maana ya kila silabi. Mzee hajui "kiambishi" na hana haja ya kujua. Ukiwa na sentensi "mtoto analia" na "mtoto alilia", tofauti utaitafuta mwenyewe usiku.

Umefaulu kama mgeni ambaye hakuwepo anaweza kusikiliza kifaa cha pili peke yake na kukwambia kila sentensi ina maana gani.

## Hatua ya 7: Andika

Tumia herufi ambazo watu wa pale tayari wanazisoma, yaani za Kiswahili na za Kimaasai. Sauti moja, herufi moja, daima. Irabu ndefu iandikwe mara mbili. Sauti isiyo na herufi ipewe alama yako, na ufunguo wa alama zote ukae ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa Kidahalo, chenye vidoko (sauti za kudokoa kwa ulimi), ufunguo huo ndio utakaokuokoa.

Usipokuwa na uhakika weka alama ya kuuliza. Kisio lililoandikwa vizuri huonekana kama ukweli baada ya miaka mitano.

Kwenye kauntabuku tenga mistari mitatu kwa kila sentensi: kama ilivyosemwa, neno kwa neno, kisha Kiswahili cha kawaida. Pembeni andika dakika na sekunde za kwenye rekodi. Mwenye kompyuta atumie ELAN, programu ya bure iliyotengenezwa na taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi. Inakuruhusu kuandika chini ya sauti yenyewe, na ukibofya sentensi unaisikia. Kwa kamusi kuna FLEx, programu ya SIL, shirika la utafiti wa lugha, nayo ni ya bure.

Na tafadhali, msiitishe mkutano wa alfabeti kabla hamjawa na kurasa za kutosha kubishania. Kuna vikundi ambavyo vimegawanyika kwa ajili ya herufi moja huku wazee wakisubiri nje.

## Hatua ya 8: Majina ya faili na nakala

Fanya usiku huo huo, hata ukiwa umechoka.

Jina la faili lianze na lugha, tarehe, namba na mada: `yaaku_20250614_02_mzinga.wav`. Majina ya watu yasiwe kwenye faili; wape namba, na orodha ya namba na majina ikae penginepo. Majina kama "Mzee 1 mpya final" yatakuumiza kichwa mwakani.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ilale nje ya kijiji. Usifute kadi mpaka umefungua nakala na kuisikiliza. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama sauti.

Kwa muda mrefu tafuta hifadhi ya kudumu. ELAR, iliyoanzia chuo cha SOAS, London, na sasa iko Berlin, hutunza rekodi za lugha zilizo hatarini, na huruhusu kuweka masharti ya nani asikilize nini, kulingana na yale madaraja matatu ya Hatua ya 2. Ulizia pia idara ya isimu ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Cha kuhakikisha kwanza, popote utakapopeleka, ni kwamba jamii yenyewe itaweza kufungua faili bila kuomba ruhusa ng'ambo.

## Hatua ya 9: Rudisha kijijini

Anayestahili kusikia kwanza ni mzee mwenyewe. Mchezee, akubali au akatae, ndipo wengine wasikie.

Wengi nyumbani wana kitochi, simu ndogo ya vitufe, chenye nafasi ya kadi. Geuza nakala za WAV ziwe MP3 (sasa inaruhusiwa, maana asili iko salama), ziweke kwenye kadi ndogo, kila faili dakika tatu, jina kwa lugha ya pale. Kadi hizo zitazunguka kuliko kitabu chochote utakachochapisha. Kijitabu cha picha cha maneno ya nyuki na miti kije baadaye, na darasa la watoto baadaye zaidi, baada ya wazee kukubaliana nani afundishe.

Rekodi zikishazunguka, kuna mtu wa boma jingine atakayekuja na malalamiko: mmekosea, kwetu neno hilo halisemwi hivyo. Usifute la kwanza wala usimbishie. Andika la pili kando yake, na boma lilikotoka, kisha muulize amelisikia kwa nani na kama mtu huyo angali anaweza kupokea wageni.